Cheni ya Gari la Mchungaji

Fuatino alikuwa amepiga magoti kando ya beseni, mikono imezama kwenye mafuta ya taa, aliposikia vicheko vya akina mama wa kamati kwenye nyumba ya pili. Vicheko hivyo alivijua vizuri. Kamati ya wanawake ikicheka kwa jirani, ujue imeona sufuria yenye masizi au mkeka uliotoboka, na kabla ya Jumapili kijiji kizima kitakuwa kimeshaambiwa ni sufuria ya nani. Akaongeza kasi ya brashi.

Nyumba za kijiji kile hazina kuta. Ni nguzo, paa la mviringo na sakafu ya kokoto iliyotandikwa mikeka ya mkadi, kwa hiyo hakuna pa kusukumia takataka wageni wanapokaribia. Mumewe, Ielemia, alikuwa fundi wa magari, na fundi wa magari ni mume mzuri siku zote isipokuwa siku ya ukaguzi. Vyuma vyake vilikuwa vimetapakaa kuanzia bandani hadi jikoni. Safari hii vilikuwa vya gari la mchungaji, ambalo lilikuwa limesimama bandani wiki nzima likiwa limefunguliwa injini upande mmoja. Juu ya gazeti palikuwa na cheni mpya iliyoletwa na feri kutoka Apia, mji mkuu. Ilikuwa imelowa mafuta mazito, na vipande vyake vichache vilikuwa na madoa ya rangi, kana kwamba mtu alikuwa anapaka uzio karibu nayo. Fuatino hakuuliza. Aliitumbukiza kwenye beseni pamoja na bolti, akaisugua mpaka ikang'aa. Rangi ile ilikuwa kaidi, lakini brashi ya waya ilikuwa kaidi zaidi.

Mke wa mchungaji akafika mbele ya wenzake, mwavuli mkononi, gauni lake refu limepigwa pasi kama la kanisani. Alitazama mikeka, akafunua sufuria, akainama kuchungulia chini ya kabati. Wenzake walisimama nyuma yake wakitafuta cha kucheka, na kwa mara ya kwanza katika miaka mingi hawakukipata.

"Fuatino, mwaka jana hapa palikuwa gereji," alisema. "Leo pananuka mafuta ya taa, lakini nyumba ni nyumba. Na hii nini?" Akaigusa cheni kwa ncha ya mwavuli.

"Ya gari lenu, mama."

"Ala! Inang'aa kuliko gari lenyewe." Akina mama wakacheka, na safari hii kilikuwa kicheko kizuri. "Mwambie mumeo Jumatatu tunakwenda bandarini, tuwahi feri ya mkutano mkuu. Mchungaji hawezi kupanda basi na mafurushi yale yote."

"Gari litakuwa tayari, mama."

"Kaka yako ndiye aliyetuahidi. Wengine walitaka tulipeleke kwa mafundi wa Apia. Leavasa akasema, la, shemeji yangu ataliweza." Akafungua mwavuli. "Haya, tusimwaibishe Leavasa."

Walipoondoka, Fuatino alikaa chini pale pale kwenye kokoto. Alikuwa ameshinda ukaguzi. Lakini neno lile la mwisho halikumtoka. Kaka yake Leavasa ndiye mkuu wa ukoo. Ardhi ni ya ukoo, banda ni la ukoo, hata mshelisheli unaolitia banda kivuli ni wa ukoo. Ielemia alikuwa mwanamume aliyekuja kuishi kwa mkewe, mtu wa kisiwa cha ng'ambo, na mwanamume wa namna hiyo hula baada ya wenyeji, hukaa nguzo ya nyuma, na hustahimiliwa kwa kazi ya mikono yake. Mikono hiyo ikikosea kwenye gari ambalo kijiji kizima kilichangia, tena michango ikatangazwa kanisani jina kwa jina, baraza la wakuu litautoza ukoo nguruwe, na Leavasa atamwonyesha shemeji yake njia ya feri. Halitakuwa jambo la ajabu. Limekwisha kuwatokea wengine.

*

Ijumaa alasiri alimpelekea chakula bandani: shelisheli ya kuchoma na samaki wa kopo. Alimkuta Ielemia amelala kifudifudi juu ya injini, shavu karibu liguse chuma, anapapasa kwa kidole gumba.

"Shika tochi," alisema bila kugeuka.

"Jua lote hili?"

"We shika tu."

Akaishika. Ielemia alikuwa mtu wa kupenda kueleza kazi yake, na mkewe alikuwa amezoea kusikiliza bila kusikia. Siku hiyo alisikia.

"Hii gia ya chini inazungushwa na pistoni. Hizi mbili za juu ndizo zinazofungua na kufunga valvu. Cheni inazifunga zote pamoja ziende kwa wakati mmoja. Ukiikosea jino moja, gari linakohoa tu. Ukiikosea zaidi, valvu inashuka wakati pistoni inapanda, zinagongana, basi. Hapo huna injini tena. Una nanga."

"Mungu wangu. Sasa unajuaje kama hukukosea?"

"Alama, mke wangu. Wenyewe waliotengeneza wamekuwekea. Kwenye kila gia kuna kitone. Kwenye cheni kuna vipande vya rangi. Vya njano viwili vinakaa kwenye vitone vya juu, cha chungwa kinakaa kwenye kitone cha chini. Mtoto anaweza."

Fuatino akaisogeza tochi karibu na cheni.

"Vya njano viko wapi?" aliuliza.

"Si hivi hapa!" Ielemia akaweka kidole kwenye cheni, kisha akakihamishia upande wa pili. "Hiki njano, na hiki njano. Au na wewe sasa macho yako yamezeeka?"

Kidole kilikuwa kwenye chuma kitupu. Cheni nzima ilikuwa chuma kitupu, nyeupe, inameremeta kama alivyoisugua mwenyewe, na hapakuwa na rangi hata ya kuweka kwenye ncha ya sindano.

Hofu mbili zilimwingia pamoja, asijue ipi aishike kwanza. Ya kwanza ilikuwa yake mwenyewe: alikuwa amefuta alama, na gari la mchungaji lilikuwa linafungwa kwa kubahatisha. Ya pili ilikuwa baridi zaidi. Mumewe alikuwa haoni. Aliona mengi yakimrudia kichwani: kakao ya moto iliyomwagika kando ya kikombe, Ielemia akalaumu moshi, mtoto wa jirani aliyesalimia akiwa mbele yake kabisa na kuulizwa yeye nani, safari ya hospitali ya wilaya aliyoahirisha tangu walipomwambia ana sukari. Kila moja lilikuwa na kisingizio chake na yeye alivikubali vyote, kwa sababu kuvikubali kulikuwa rahisi.

"Ielemia," alianza.

Huko barabarani mtungi mtupu wa gesi ukagongwa. Saa ya sala ya jioni. Vijana wa zamu walikuwa wameshasimama kwenye mawe yaliyopakwa chokaa, rungu begani, na yeyote atakayekutwa nje ya nyumba yake ataitwa barazani. Ielemia akafuta mikono, akafunga shuka lake vizuri, akatangulia ndani.

Walikaa wawili kwenye mkeka. Binti yao alikuwa Auckland, anafanya kazi kiwandani, na siku hizi sala ya nyumba ile ilikuwa ya sauti mbili tu. Ielemia akafungua Biblia, akasoma Zaburi kwa sauti yake nzuri nzito, bila kusita hata mahali pamoja. Fuatino akachungulia. Kitabu kilikuwa wazi kwenye Hesabu.

Aliimba wimbo akiwa hajui anaimba nini. Nikimwambia rangi hakuna, alijisemea, nitakuwa nimemwambia yeye kipofu. Nisipomwambia, Jumatatu tutakuwa kwenye feri na mikeka yetu. Alipofumbua macho mtungi ulikuwa umegongwa tena kuwaruhusu watu, na Ielemia alikuwa ameshainuka.

"Wacha nikafunge mfuniko kabla giza halijaingia," alisema. "Kesho asubuhi wanakuja kuliwasha."

Akatoka, na Fuatino alibaki amekaa, maneno yamemjaa mdomoni.

*

Walikuja mapema, mchungaji kwa miguu, Leavasa nyuma yake na shati la maua, na nyuma ya Leavasa watu ambao hawakualikwa, maana gari la mchungaji kuwashwa si jambo la kumpita mtu. Fuatino alikuwa hajalala. Kwenye pindo la shuka lake alikuwa amefunga spana ndogo.

"Samahani dada yangu, nisamehe nikisema," alianza Leavasa, kama kaka anavyopaswa kumwomba radhi dada kabla hajasema ovyo mbele yake. "Lakini huyu mumeo wiki nzima analala na gari hili. Na wewe huoni wivu?"

Watu wakacheka. Ielemia naye alicheka, kichwa chini.

"Tuombe kwanza," alisema Mchungaji Setefano.

Sala za Mchungaji Setefano si za kukimbizwa. Aliliombea gari, akaiombea barabara ya bandarini, akaiombea feri na nahodha wake. Macho yote yalikuwa yamefumbwa, vichwa vyote vimeinama. Fuatino alirudi nyuma hatua moja, kisha nyingine, mpaka mbele ya gari ambako boneti lilikuwa wazi. Miaka yote ya ndoa yake alikuwa amemwona Ielemia akianza kila kazi kwa kutoa waya mweusi wa betri. Akatoa spana. Spana ikagonga chuma, tii! Akasimama hivyo hivyo, huku akimwomba Mungu yule yule aliyekuwa akiombwa na mchungaji asiikatishe sala. Nati ikalegea. Akauvuta waya, akauachia ukaning'inia, akarudi mahali pake kabla ya amina.

Mchungaji mwenyewe akakaa kwenye usukani. Akazungusha ufunguo.

Kimya. Hata taa haikuwaka.

Akazungusha tena. Kuku mmoja akapita chini ya gari na kutokea upande wa pili, na mtu fulani nyuma akaguna kicheko.

"Shemeji," alisema Leavasa, "kule kwenu ng'ambo magari yanawashwa kwa kuimbiwa? Tuambie, tuite kwaya."

"Ngoja nitazame," alisema Ielemia. Uso wake ulikuwa umelowa jasho.

"Utazame nini tena? Umetazama wiki nzima!"

"Leavasa, taratibu," alisema mchungaji. Akashuka, akajipangusa mikono ingawa haikuwa na uchafu. "Bado kuna Jumatatu. Jumatatu asubuhi, Ielemia. Kabla ya feri."

Watu walitawanyika polepole, kila mmoja akitaka kuwa wa mwisho ili asikose neno. Leavasa alimshika shemeji yake bega, akamvuta pembeni, akateremsha sauti. Lakini nyumba hazina kuta, na Fuatino alisikia.

"Jumatatu lisipowaka, kuna nafasi kwenye feri hiyo hiyo. Nauli nitakulipia mimi. Dada yangu ataamua mwenyewe kama anakufuata."

*

Ielemia alingoja mpaka mtu wa mwisho alipopotelea nyuma ya mikoko. Kisha akaenda mbele ya gari, akapapasa betri, akaukuta waya.

"Hii nati niliikaza mimi."

"Najua."

"Sasa nani kailegeza?"

"Mimi."

Akageuka kuelekea kwake, lakini alimtazama pembeni kidogo ya uso, mahali ambapo Fuatino hakuwepo. Hilo nalo alikuwa hajaliona kabla ya siku hizi mbili, au hakutaka kuliona.

"Umeniaibisha mbele ya mchungaji na kaka yako. Kwa nini?"

"Kwa sababu nilisugua cheni yako, Ielemia. Siku ya ukaguzi. Kwa brashi ya waya. Rangi zote zimetoka."

"Zote?"

"Zote. Hakuna njano, hakuna chungwa."

"Mwanamke! Umesugua alama za taiming?"

"Kamati ilikuwa inakuja!"

Ielemia alifungua mdomo, na kicheko kikamtoka kabla hajakizuia, kicheko cha mtu aliyechoka. Kikaendelea, kikapungua, kikakatika ghafla. Fuatino aliona uso wake ukibadilika alipofika mahali ambapo yeye alikuwa amemngoja tangu Ijumaa.

"Basi ile jana..." alisema.

"Jana ulinionyesha chuma kitupu ukaniambia ni njano."

Akakaa kwenye tairi kuukuu. Akaweka viganja juu ya magoti, viganja vile vipana vyenye weusi usiotoka kwa sabuni yoyote.

"Jicho la kulia limefungwa tangu Pasaka," alisema. "La kushoto lina ukungu. Na vitu vyeusi vinaelea kama masizi. Siku nyingine vichache, siku nyingine vingi."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nikuambie nini? Mimi hapa ni mikono tu, Fuatino. Sina shamba, sina cheo, sina kiti barazani. Fundi asiyeona ni nani? Nimlishe nani?"

"Na ulipoizungusha injini kwa mkono? Siku zote unaizungusha kwa mkono kwanza. Ulihisi nini?"

Ielemia alisugua kidole gumba kwenye tairi.

"Iligoma," alisema. "Ilifika mahali ikagoma. Kidogo. Nikairudisha. Nikajiambia ni ugeni wa cheni."

"Ulijua siyo ugeni wa cheni."

"Nilijua."

"Na ungemwacha mchungaji awashe."

"Ningemwacha," alisema Ielemia. "Ningesimama pale nisubiri mlio. Nilikuwa naogopa kusema sioni kuliko nilivyoogopa kuua injini. Sasa umesikia."

Fuatino alitaka kulia na alitaka kumpiga. Hakufanya lolote kati ya hayo. Naye pia alikuwa amekaa na neno lake usiku mzima na kuiachia betri iseme badala yake, kwa hiyo hakuwa na mahali pa kusimama akamhukumu.

"Ile cheni ya zamani iko wapi?" aliuliza.

"Uliitundikia chungu jikoni."

Akaenda kuitoa. Ilikuwa nyeusi tii, lakini alipokwangua kwa ukucha, njano ikajitokeza, hafifu kama kiini cha yai kilichokauka kwenye sahani. Akakwangua mpaka akavipata vyote vitatu. Ielemia alipofungua tena mfuniko na kuichomoa ile mpya, Fuatino akatandika cheni zote mbili kwenye mkeka sambamba, akahesabu vipande kutoka alama hadi alama, akarudia kuhesabu, akarudia tena kwa sababu hakujiamini. Kisha akafungua sanduku lililoletwa na binti yao Krismasi, akatoa kichupa cha rangi ya kucha, nyekundu ya kuwaka, ambayo mke wa heshima katika kijiji kile asingethubutu kwenda nayo kanisani. Akapaka.

Kufungua mfuniko upya kulikuwa kumewala nusu ya siku. Kesho ilikuwa Jumapili, na Jumapili hakuna anayegusa spana, kwa hiyo jua lilikuwa ndilo saa yao na lilikuwa linashuka. Ielemia alikuwa amefungua bolti kwa kupapasa, upesi, bila kosa. Vidole vyake havikuhitaji macho kwa hilo. Lakini kwenye gia alisimama.

"Haya," alisema. "Kitone cha chini kinatazama wapi?"

"Juu. Kimenyooka."

"Cha gia ya kushoto?"

"Juu."

"Ya kulia?"

Fuatino akasogeza uso mpaka pua ikanusa oili. "Hiki kimelala. Kinatazama pembeni."

"Kiasi gani?"

"Kama meno mawili. Au zaidi."

Ielemia alifumba macho. "Hapo ndipo tungezikwa," alisema.

Akaizungusha gia kidogo kidogo, naye anamwambia bado, bado, rudisha, hapo. Akaishika cheni, na mkewe akamwongoza kidole: nyekundu hii hapa, kitone hiki hapa, kandamiza. Walibishana. Alimwambia anatikisa mkono, akamwambia na wewe unapumua kwa kelele. Kikazio cha cheni kilipoachiwa kikaivuta, ka!, Fuatino alishtuka nusura aangushe tochi.

"Sasa chukua spana kubwa," alisema Ielemia. "Zungusha wewe. Polepole. Mizunguko miwili kamili."

"Mimi?"

"Mikono yangu ishanidanganya mara moja."

Akazungusha. Ielemia aliweka kiganja juu ya injini, kama mtu anayesikiliza mtoto tumboni. Ilikwenda nzito, lakini ilikwenda. Ilipopita pale ilipogoma mwanzo, hakuna kilichogonga. Mzunguko wa kwanza ukaisha. Wa pili.

"Vitone vimerudi?"

"Vimerudi."

"Vyote?"

"Vyote vinatazama juu, Ielemia. Vyote."

Akageuza uso. Walifunga mfuniko, na mtungi ulipogongwa kwa sala walikuwa wanaosha mikono kwenye beseni lile lile.

"Usimwambie kaka yako," alisema kwa sauti ndogo, kabla ya kukaa kwenye mkeka. "Kuhusu macho. Niache nitafute namna."

"Simwambii," alisema Fuatino. Na alimaanisha.

*

Jumatatu kijiji kilikuja chote. Mchungaji alivaa koti jeupe, mkewe kofia ya kusuka, na watoto walikuwa wamejipanga pande zote za njia ya kutokea, kando ya mawe ya chokaa, mpaka barabarani. Jua la asubuhi lilikuwa linawapiga usoni. Mchungaji aliomba kwa kifupi, safari hii, akazungusha ufunguo.

Likawaka mara moja. Halikukohoa, halikutetemeka. Lilitoa mngurumo laini wa kitu kilichokaa mahali pake, na watu wakapiga makofi, na Leavasa akapiga makofi kuliko wote.

"Shemeji!" alipaza sauti. "Shemeji yangu huyu! Si niliwaambia?" Akamkumbatia Ielemia mbele ya baraza zima, mtu ambaye hata kikombe hajawahi kumpa kwa mkono wake. Fuatino aliona mumewe akinyooka mgongo. Kwa kitambo kidogo hofu ilimtoka yote, akahisi njaa.

Ndipo mchungaji akashuka kwenye usukani.

"Hapana," alisema akitabasamu. "Aliyelifufua ndiye atakayetupeleka. Ielemia, njoo ukae hapa. Utatupeleka bandarini wewe."

Watu wakashangilia tena. Heshima kama hiyo haikataliwi. Hakuna aliyewahi kusikia imekataliwa. Ielemia alisimama. Fuatino alimtazama akimwomba kwa moyo wote aseme mgongo unamuuma, aseme tumbo, aseme lolote. Leavasa alikuwa ameshamfungulia mlango.

Ielemia akakaa. Mchungaji akaingia upande wa pili, mkewe nyuma na mafurushi. Mbele yao palikuwa na njia nyembamba, na kulia na kushoto watoto wanasukumana.

Kusema hakuweza, alikuwa ameahidi. Lakini miguu ilikwenda. Fuatino alipita nyuma ya watu, akatokea mbele, akasimama katikati ya njia na gauni lake jeupe la kanisani, akitazamana na kioo cha gari. Ataniona, alijisemea. Hiki kidogo ataona. Ataniona nimesimama, ataelewa, atazima, atasema mwenyewe. Akainua mkono.

Ielemia alikuwa anamtazama moja kwa moja. Aliachia breki.

Gari likaanza kuja. Mchungaji alikuwa amegeuka nyuma anaongea na mkewe. Fuatino alikuwa anauona uso wa mumewe waziwazi, umetulia, una fahari, macho yamefunguka kabisa, na hayakuwa na yeye ndani yake. Hapo ndipo alipojua. Hakuwa anaona ukungu. Hakuwa anaona kitu. Alitaka kuruka pembeni lakini pembeni walikuwa watoto.

"We!" ilikuwa sauti ya Leavasa. "We, simamisha! Simamisha!"

Breki zikalia. Chuma cha mbele kikaligusa gauni lake, magotini, chenye joto. Vumbi likapita. Makofi yalikuwa yamekoma na mtoto mmoja akaanza kulia.

Ielemia akatoa kichwa dirishani, akakigeuza huku na huku.

"Kuna nini?" aliuliza. "Nani yuko mbele?"

Mke wa mchungaji alishika mdomo. Mchungaji alimtazama dereva wake, kisha mwanamke aliyesimama pale karibu aguse boneti, kisha dereva tena. Leavasa alikuwa amebaki na mkono hewani.

"Nani yuko mbele?" Ielemia aliuliza tena, na sasa sauti ilikuwa ya mtu anayejua kwamba ameshasikika.

"Ni mimi," alisema Fuatino.

Mlango ukafunguka. Ielemia akashuka, akaweka kiganja kwenye ubavu wa gari, akalifuata kwa kupapasa, kutoka mlangoni hadi kwenye boneti, kutoka kwenye boneti hadi kwenye taa, mbele ya macho ya kijiji kizima, mpaka mkono ukafika kwenye bega la mkewe, ukatulia hapo. Nyuma yao injini iliendelea kunguruma, haikosi hata pigo moja, na hakuna aliyekwenda kuizima.